Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Gemu kwa Joto na Umeme wa Dar es Salaam

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja, yaani uchaguzi wa vifaa vya kuunda kompyuta mpya ya gemu ya daraja la juu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu orodha aliyoituma mwandishi wake inafanana na orodha nyingi ninazoonyeshwa hapa jijini.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana ninayeishi Sinza, nimepanga chumba na sebule ghorofa ya juu kabisa, na nimejiwekea akiba ya shilingi milioni 10 ili niunde kompyuta yangu ya kwanza ya gemu. Nataka nitakayoitumia miaka mitano bila kujuta. Nimeandaa orodha kutokana na video za watu wa Marekani na Uingereza: prosesa ya Core i9-14900K, kadi ya grafiki ya RTX 5090, RAM ya gigabaiti 64 katika vipande vinne, SSD ya terabaiti 2 ya kizazi kipya kabisa, pawa saplai yoyote ya wati 850, na kasha lenye vioo mbele na ubavuni. Monita ninayo, ni ya inchi 24 yenye ukubwa wa 1080p. Chumba kina feni ya dari, hakina kiyoyozi. Jioni hucheza gemu za mpira na za vita kwa saa nne hivi. Fundi ameniambia orodha ni nzuri ila fedha haitoshi. Naomba unielekeze nipunguze wapi. (Msomaji, Sinza)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Fundi wako amesema kweli kwamba fedha haitoshi, lakini hata ingetosha nisingekushauri uinunue orodha hiyo jinsi ilivyo. Imetungwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi joto 20 au 22 na ambao hawana haja ya kujiuliza kama umeme wa jioni utakuwa volti 230 au utashuka. Wewe unaishi katika jiji ambalo kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na chumba cha ghorofa ya juu kabisa huendelea kutoa joto la kuta na la paa hadi usiku. Kwa hiyo nitaanza mahali ambapo orodha nyingi humalizia, yaani kwenye soketi ya ukutani.

Kadi ya RTX 5090 imepangiwa kutumia hadi wati 575 peke yake, na prosesa ya Core i9-14900K inaruhusiwa kupanda hadi wati 253. Ukijumlisha madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), feni, diski na monita, gemu nzito itakuwa ikivuta takriban wati 800, na karibu zote hugeuka kuwa joto linalobaki humo humo chumbani. Feni ya dari haiondoi joto hilo, bali hulizungusha tu. Utakuwa kama mtu aliyewasha pasi na kuiacha karibu na miguu yake kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Kompyuta nayo huvuta hewa hiyo hiyo ili ijipoze, na kwa kadiri hewa inayoingia inavyozidi joto ndivyo chipu zinavyozidi joto. Prosesa iliyopimwa kwenye video ikiwa na nyuzi 75 katika chumba cha nyuzi 22, kwako inaweza kufika nyuzi 85 bila kosa la mtu yeyote.

Hesabu ya LUKU nayo uifanye mapema. Wati 800 kwa saa nne kila jioni ni uniti 96 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya kawaida ya takriban shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 33,600. Iwapo mita yako iko kwenye daraja la D1, lile la watumiaji wadogo wa nyumbani ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo peke yake itakutoa kwenye daraja hilo, na hapo friji, taa na feni navyo vitalipiwa kwa bei ya juu. Kompyuta nitakayokupendekezea itavuta takriban wati 450, ambazo ni uniti 54 kwa mwezi kwa matumizi hayo hayo. Bado ni nyingi kwa mtu wa D1, na mkishirikiana mita na wapangaji wengine ni vizuri mzungumze kabla ya kuwasha.

Baada ya umeme, chagua monita kabla ya kadi. Watu wengi hufanya kinyume, na wewe umepanga kutumia nusu ya akiba yako kwa kadi kisha uiunganishe na monita ya 1080p. Picha ya 1080p ina pikseli milioni 2 na kidogo, ya 1440p ina karibu milioni 3.7, na ya 4K ina milioni 8.3. RTX 5090 ilitengenezwa kwa ajili ya 4K. Ukiifunga kwenye 1080p, mara nyingi itakaa ikiisubiri prosesa imalize hesabu zake, na monita haitaweza kukuonyesha fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) nyingi kuliko kasi yake ya hezi, yaani mara inazobadilisha picha kwa sekunde, inavyoruhusu. Ninakushauri ununue monita ya inchi 27 ya 1440p yenye hezi 165 au 180, ambayo kwa umbali wa meza ya kawaida inatosha kabisa kuonyesha maandishi makali na nyasi za uwanja bila ukungu. Ile ya zamani iweke pembeni kwa kazi nyingine.

Sasa kadi. Kwa 1440p kuna mbili ambazo naweza kumtajia ndugu yangu wa damu bila wasiwasi: GeForce RTX 5070 Ti ya NVIDIA na Radeon RX 9070 XT ya AMD. Zote zilitoka mwanzoni mwa mwaka 2025, zote zina kumbukumbu ya gigabaiti 16, na zote hutumia takriban wati 300. Ya NVIDIA ilitangazwa kwa dola 749 na ya AMD kwa dola 599, wakati RTX 5090 ilitangazwa kwa dola 1,999 na madukani imekuwa ikiuzwa zaidi ya hapo. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, RTX 5090 ni milioni 5 kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Ukipenda gemu zenye mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kwa njia ya miale, RTX 5070 Ti ina nguvu zaidi upande huo, na teknolojia yake ya DLSS ya kukuza picha inapatikana katika gemu nyingi zaidi. Ukicheza zaidi mpira na vita vya mtandaoni, RX 9070 XT itakupa fremu zinazokaribiana sana kwa fedha pungufu. Kadi ya gigabaiti 12, kama RTX 5070, nisingeichukua kwa mtu anayetaka miaka mitano, kwa sababu kumbukumbu ya kadi haiongezeki baada ya kununua.

Kuhusu ahadi ya fremu maradufu inayotangazwa kwa kadi za RTX 50, ni vyema ujue kinachofanyika. Kadi hutunga fremu kadhaa za kubuni baada ya kila fremu moja halisi. Mwendo huonekana laini zaidi machoni, lakini kitufe ulichobonyeza hakipokelewi haraka zaidi, na katika gemu ya vita kasi ya kupokea kitufe ndiyo unayoitafuta.

Prosesa yako ndiyo sehemu ya orodha ninayokuomba uifute kabisa. Mwaka 2024 Intel, kampuni inayotengeneza i9, ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi hadi baadhi yake zikaanza kuharibika na kusababisha gemu kufunga ghafla. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu na kuongeza miaka miwili kwenye waranti, lakini marekebisho hayo hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Mtu anayenunua Kariakoo prosesa iliyotolewa kwenye kompyuta nyingine hana njia rahisi ya kujua iliendeshwa vipi. Tena soketi yake, yaani kiti cha prosesa kwenye madabodi, iitwayo LGA 1700, imefika mwisho, kwa hiyo ukitaka prosesa ya kizazi kipya baadaye utabadilisha na madabodi.

Badala yake chukua Ryzen 7 9800X3D ya AMD, iliyotoka Novemba 2024. Ina viini 8 tu, na wapo watakaokucheka kwa kuwa i9 ina 24, lakini gemu nyingi hazijui kutumia viini vingi hivyo. Kinachozisaidia ni kumbukumbu ya kashe iliyo karibu kabisa na viini, na 9800X3D ina megabaiti 96 za ngazi ya tatu, sehemu kubwa ikiwa imebandikwa chini ya viini badala ya juu yake, jambo lililorahisisha kupoza. Katika gemu haitumii hata nusu ya wati ambazo i9 inaruhusiwa kufikia. Kwa nyumba isiyo na kiyoyozi hiyo ni sababu kubwa kuliko fremu zenyewe. Soketi yake ya AM5 AMD imeahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 na kuendelea. Ukikuta 7800X3D ya mwaka 2023 kwa bei nafuu zaidi, ichukue bila kusita, na tofauti ya bei uiweke kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika kompyuta umeme unapokatika.

Madabodi yenye chipseti ya B850 kutoka kwa kampuni inayojulikana inatosha. Zile za X870 zina matundu ya USB4 na mapambo ambayo hukuyataja popote katika mahitaji yako.

RAM ipunguze iwe gigabaiti 32 katika vipande viwili vya 16, aina ya DDR5-6000 (kizazi na kasi yake) yenye CL30 (kipimo cha ucheleweshaji wake). Vipande vinne kwenye AM5 huilazimisha prosesa kushusha kasi ya kumbukumbu. Kiwango rasmi cha AMD kwa 9800X3D ni 5600 kwa vipande viwili lakini 3600 tu kwa vinne. Zaidi ya hayo, kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya DDR5 imepanda zaidi ya maradufu kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili bandia, kwa hiyo huu si wakati wa kununua usichokihitaji. Ukishafunga, ingia kwenye BIOS (programu ya mipangilio ya madabodi) uwashe EXPO, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM itakimbia kwa kasi ya chini kuliko uliyoilipia. SSD chukua ya PCIe 4.0 (kizazi cha njia inayobeba data) yenye kasi ya takriban megabaiti 7,000 kwa sekunde. Ya PCIe 5.0 hufika 14,000, lakini gemu hufunguka kwa tofauti ambayo hutaihisi, na ya 5.0 hutoa joto zaidi.

Nimefika kwenye maneno yaliyonisikitisha katika barua yako: «pawa saplai yoyote». Hiki ndicho kifaa kinachopokea umeme wa mtaa wako na kuugeuza kuwa umeme wa volti 12 ulio tulivu kwa ajili ya vitu vya milioni nyingi. Pawa saplai isiyo na jina huandikwa wati 850 kwenye stika na hubeba nusu yake kwa shida, na inapokufa huweza kufa pamoja na madabodi na kadi. Kwa RTX 5070 Ti au RX 9070 XT watengenezaji wanapendekeza wati 750, na mimi ningechukua 850 ya 80 Plus Gold (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), yenye kiwango kipya cha pawa saplai cha ATX 3.1 na waranti ya miaka saba au kumi. (RTX 5090 ingekudai wati 1,000, kwa hiyo orodha yako ilikuwa na upungufu hata kwa vigezo vyake yenyewe.) Kadi nyingi za sasa za NVIDIA hutumia plagi ndogo ya pini 16, ambayo kwa kadi kubwa imewahi kuyeyuka pale ilipokuwa haijazama vizuri. Ukiichomeka, sukuma hadi usikie mlio na usione nafasi yoyote kati ya plagi na kadi, kisha usiikunje waya ndani ya sentimita tatu au nne za mwanzo. Kuna kadi kadhaa za RX 9070 XT zinazotumia plagi za kawaida za pini 8, na kwa fundi anayejifunza hilo ni jambo la kheri.

Kasha lenye kioo mbele ni zuri kupiga nalo picha, lakini huziba njia ya hewa. Tafuta lenye wavu mbele, feni tatu za kuingiza hewa na moja nyuma ya kuitoa, na vichujio vya vumbi vinavyotoka bila bisibisi, kwa sababu vumbi la Sinza utalisafisha kila mwezi. Kipozaji cha maji si lazima. Kipozaji cha hewa chenye minara miwili na feni mbili, kama Thermalright Peerless Assassin 120, kinaitosha 9800X3D hata katika joto letu, hakina pampu ya kufa wala maji ya kuvuja, na bei yake ni ndogo. Pima tu upana wa kasha kabla ya kununua, maana minara hiyo ni mirefu.

Katika milioni 10 zako, basi, kadi isizidi milioni 3. Monita itengee milioni 1 na kidogo, pawa saplai na UPS kwa pamoja milioni 1.3, na zilizobaki ugawe kwa prosesa, RAM, madabodi, SSD na kasha kwa utaratibu huo wa umuhimu. Kikibaki chochote, kinunulie feni ya kutoa hewa dirishani.

SWALI: Ndugu Mshauri, je, ninunue vifaa Kariakoo au niagize kupitia watu wa mizigo wa Dubai? Rafiki yangu alinunua kadi hapa mjini, ikaandika jina moja kwenye kompyuta na kufanya kazi kama nyingine. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Kisa cha rafiki yako kinajulikana. Wapo wanaochukua kadi ya zamani sana, kwa mfano GTX 550 Ti, wakaibadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows huamini jina hilo. Programu ya bure iitwayo GPU-Z haiamini. Huisoma chipu yenyewe na kuandika neno FAKE mbele ya jina ikigundua udanganyifu. Iweke kwenye flashi na uende nayo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuichomeka kadi mbele yako, kufungua GPU-Z, na kuiacha ikifanya kazi nzito kwa nusu saa huku mkizungumza bei. Anayekataa amekwisha kujibu swali lako.

Mimi hupendelea kugawa. Vitu vidogo vyenye thamani kubwa, yaani prosesa, kadi, RAM na SSD, vinaweza kuagizwa Dubai, ambako mtaa wa kompyuta wa Bur Dubai una maduka mengi yenye ushindani wa bei, na plagi zao za pini tatu bapa ni sawa na zetu. Wasafirishaji wa ndege hutoza kwa kilo au kwa ukubwa wa boksi, na vitu hivyo ni vyepesi. Kasha, UPS na monita nunua Dar es Salaam. Kasha ni kubwa na tupu, kwa hiyo utasafirisha hewa kwa bei ya mzigo. UPS ina betri nzito ya risasi. Na monita unahitaji kuiwasha kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu ukiwa bado dukani ili uone kama kuna pikseli iliyokufa.

Ukimpa mtu kazi ya kukununulia, mwandikie jina kamili la kifaa na usikubali maneno ya «ni kama hiyo hiyo». Kwa prosesa, sema wazi kwamba unataka ya boksi. Zipo zinazouzwa bila boksi kwa bei pungufu kidogo, na hizo hazina waranti ya miaka mitatu ambayo AMD hutoa kwa mnunuzi. Utakuwa umebaki na ahadi ya muuzaji aliye ng'ambo ya bahari. Kuhusu kadi, uliza kabla ya kulipa kama waranti inatambuliwa nje ya nchi iliyonunuliwa, maana mara nyingi utalazimika kuirudisha huko huko kwa gharama yako. Bei ya wakala ikiwa inajumuisha kodi, akuandikie hivyo, pamoja na ile ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ili usije ukadaiwa tena mzigo ukishafika.

Madabodi ninasisitiza uifungue mbele ya muuzaji. Katika soketi ya AM5 pini ziko kwenye madabodi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba mno. Inua kifuniko cha plastiki, washa tochi ya simu na uimulike soketi kwa ubavu. Pini zote zitang'aa kwa mistari iliyonyooka; iliyopinda itaonekana kama doa linalong'aa kuelekea upande mwingine. Piga picha papo hapo, kwa sababu pini iliyopinda ikigunduliwa nyumbani hakuna duka litakaloikubali kuwa yao. Kisha dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa. Bila hiyo huna ushahidi wa waranti, wala cha kuonyesha Tume ya Ushindani endapo bidhaa itathibitika kuwa bandia.

Jambo la mwisho katika hili: ukishaunganisha kompyuta dukani au kwa fundi, itoe kadi kwenye madabodi kabla ya kuipakia kwenye bajaji. Kadi za leo zina uzito wa kilo moja na zaidi, na mashimo ya barabara ya Mbagala yatauvunja mdomo wa madabodi kabla hujafika Zakhem.

SWALI: Nina kompyuta nzuri ya gemu na UPS ya 650 VA. Umeme ukikatika nikiwa nacheza, vyote viwili vinazima papo hapo, lakini nikiwa naandika tu barua havizimi. Pia nikiligusa kasha nikiwa pekupeku nahisi linatetemesha vidole. Je, UPS ni mbovu? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: UPS yako huenda ni nzima, ila imepewa mzigo usio wake. Namba ya VA iliyoandikwa kwa maandishi makubwa si wati. UPS ya 650 VA kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390, na kompyuta yako ikiwa katika gemu inavuka hapo. Ukiandika barua huvuta wati 80 au 100, ndiyo maana inahimili. Soma namba ya wati nyuma ya kifaa, na kwa kompyuta ya wati 450 nunua inayobeba angalau 700, ambayo mara nyingi itakuwa ya 1200 VA au zaidi. Usitarajie kuendelea kucheza. Dakika tano za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu ndizo unazozinunua.

Uliza pia umbo la wimbi la umeme ambao UPS hutoa. Pawa saplai nzuri za leo hurekebisha jinsi zinavyovuta mkondo, na baadhi yake hazielewani na UPS za bei nafuu zinazotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, kwa hiyo huzima wakati ule ule UPS inapochukua kazi. Ikiwa bajeti inaruhusu, chukua yenye wimbi laini na kirekebisha volti ndani yake. Hapo hutahitaji stebilaiza ya pembeni, na umeme ukishuka kidogo UPS itaupandisha bila kugusa betri. Iweke chini, mbali na hewa moto ya kompyuta, maana betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25.

Kutetemesha vidole ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazopeleka uchafu wa umeme kwenye waya wa ardhi. Soketi yako ikiwa haina ardhi ya kweli, umeme huo hukaa kwenye kasha na kukusubiri. Mkondo wake ni mdogo, lakini maana yake ni kwamba siku waya wa moto utakapogusa bati la kasha, au la friji, hakuna kitakachoukata. Tundu la tatu kwenye soketi si ushahidi wa ardhi. Nyumba nyingi zina tundu na hazina waya nyuma yake. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime ardhi, na ikiwa haipo, au nondo ya shaba imeliwa na kutu ya chumvi kama inavyotokea huko karibu na bahari, afukie nyingine na kuiunganisha hadi kwenye kila soketi. Fanya hivyo kabla ya kununua UPS mpya, na hadi hapo vaa ndala ukiwa mezani.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tano anasema gemu ya mtandaoni inakwama kwa sababu kadi yake ni ndogo, na anaomba ya shilingi milioni 3. Mimi si mtaalamu. Je, ni kweli? (Mama, Tabata)

JIBU: Mama, inawezekana, lakini kuna namna mbili za kukwama na kadi hutibu moja tu. Mwombe aonyeshe namba mbili ambazo gemu nyingi huweza kuziandika pembeni mwa monita: fremu kwa sekunde, na pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Fremu zikishuka chini ya 60 wakati wa mapambano, kadi au prosesa imezidiwa. Fremu zikiwa nyingi na wachezaji wengine bado wanaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, tatizo ni mtandao.

Kadi ya bei yoyote haiwezi kufupisha safari. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Frankfurt iko takriban kilomita 7,000 kutoka hapa, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama kebo ingenyooka kama rula, na kebo za baharini hazinyooki. SEACOM na EASSy, ambazo hufika Dar es Salaam, zilipokatika pamoja Mei 2024, kompyuta ghali na rahisi ziliteseka sawasawa. Kijana achague kwenye mipangilio ya gemu seva ya Afrika Kusini au ya Ghuba badala ya Ulaya, na aunganishe kompyuta kwa waya wa mtandao kutoka kwenye kisanduku cha intaneti hadi mezani, badala ya kutegemea waifai inayopita kuta mbili. Waya wa mita 15 ni maelfu machache ya shilingi. Acheze hivyo kwa wiki mbili, na ikiwa fremu ndizo zinazoanguka, aniandikie jina la prosesa yake na wati za pawa saplai, maana kadi ya milioni 3 haipaswi kununuliwa kabla ya kujua hayo mawili.